Siagi Kwenye Mdomo wa Chupa

Khumjung,
16 Aprili 1984

Mume wangu Gyalzen, asali wa moyo wangu,

Pokea salamu zangu zote, usimgawie mtu. Huku hatujambo. Mama mkwe anakohoa asubuhi, lakini akishapata chai ya siagi anaanza kunigombeza, kwa hiyo najua ni mzima. Mimi mwili hauna neno. Shida ni kitanda tu. Ulipokuwepo kilikuwa chembamba, sasa kimekuwa uwanja. Wewe je? Vidole vya miguu vikoje? Unakula, au unawagawia wenzako?

Barua yako ilinikuta shambani napanda viazi. Nilipofika pale ulipoandika "Mumeo" nililibusu hilo neno, na mama mkwe akauliza kwa nini nina udongo mdomoni. Tangu harusi mpaka leo bado nikisikia watu wananiita mke wa Gyalzen nageuka kutazama ni nani huyo mwenye bahati.

Lakini kuna mahali paliniuma. Umesema msimamizi wenu, Ang Chumbi, amemchagua mwenzako Urken ampeleke kileleni yule mgeni mwenye ndevu, na wewe utabaki kambi ya mwisho kuwasubiri na chai. Umeliandika kama mtu anayesema jana kulikuwa na mawingu.

Basi mkeo hakukaa bure. Nilipika chang nzuri, pombe yetu ya shayiri, nikajaza chupa, nikapaka siagi mdomoni mwake mara tatu kama mila inavyotaka, nikaenda nayo kwa Mama Kinzom, mke wa Ang Chumbi. Akakisukuma kikombe, akasema anaumwa kichwa, akasema niwapelekee wazee. Nikamimina, nikambembeleza, mpaka akanywa. Alipofuta midomo akaniuliza, "Haya, mke wa watu, umekuja na neno gani moyoni?" Nikamwambia nataka mume wangu aende kileleni badala ya Urken. Alicheka sana, lakini alikuwa ameshakunywa, na aliyekunywa amekubali. Hajui kuandika, kwa hiyo barua ya kwenda kwa mumewe nimeiandika mimi, yeye akitamka. Inakuja na mpagazi huyu huyu.

Nifurahie, mpenzi. Nakuona tayari uko juu ya mlima wetu Chomolungma, na mbingu imekukaa begani.

Mkeo akupendaye kupita kiasi,
Diki


Kambi ya Chini,
25 Aprili 1984

Diki wangu, mke wangu,

Vidole vyote viko mahali pake, nakula vizuri, kifua kimeshazoea hewa nyembamba. Mshukuru mama kwa jibini. Nakukumbuka hata ninapofunga kamba za viatu, sijui kwa nini hapo hasa.

Sasa nikueleze kilichotokea. Ang Chumbi naye hajui kusoma. Alipopata barua ya mkewe alitukusanya wote kwenye hema la jikoni, akanipa mimi niisome kwa sauti, kwa kuwa ndimi msomi. Nilipouona mwandiko wako nilitaka kuila ile karatasi. Niliisoma yote mbele ya watu, na Urken amekaa karibu nami, goti kwa goti.

Watu walicheka mpaka mpishi akamwaga supu. Ang Chumbi hakucheka. Alishika kichwa, akasema, "Mke wangu ameshakunywa. Nifanyeje, nimtapishe?" Basi nikawekwa mimi, Urken akaondolewa. Urken akanipiga bega, akasema, "Hongera, kaka. Ningejua, na mimi ningeoa Khumjung." Kisha akatoka kwenda kunoa meno ya chuma ya viatu vyake, ambayo alikuwa ameyanoa asubuhi. Tangu siku hiyo ananiita Mheshimiwa.

Diki, Urken anatoka Rolwaling. Mkewe yuko ng'ambo ya milima, hana mlango wa kugonga na chupa. Na kamba zote za ule ukuta wa barafu, ambazo mimi nazishika nikipanda, amezifunga yeye, kwenye upepo, wakati sisi wengine tuko hemani. Kwa kazi yetu, anayefungua njia ndiye anayeimaliza. Hakuna aliyeiandika sheria hiyo, lakini bila hiyo nani angetangulia?

Ninakuomba upike chang nyingine, umpelekee Mama Kinzom, ulirudishe ombi. Mwenye chupa ndiye mwenye ombi. Mimi siwezi kulifuta, na Ang Chumbi hawezi.

Mumeo anayekupenda hata ukimwaibisha,
Gyalzen


Khumjung,
2 Mei 1984

Mume wangu,

Mimi mzima. Mama mkwe mzima. Yaki ni wazima. Sasa umeshajua habari za wote.

Nimelia siku nzima, kisha nikakasirika kwa kuwa nililia. Nilitembea na ile chupa kifuani kama mtoto ili isipoe, na wewe unaniambia nikaombe radhi.

Unadhani nataka kujisifu kisimani? Kaka yangu Lhakpa alikuwa mbeba mizigo bora. Najua kwa sababu kila mtu alisema hivyo msibani. Alipita kwenye lile poromoko la barafu chini ya kambi ya kwanza mara nyingi mno, mpaka siku barafu ilipomwangukia, na wenzake wema wote wakarudi na kofia yake. Aliyefika kileleni huitwa kwa jina. Msimu ujao anapewa usimamizi, anakaa chini akinywa chai na kufokea watu. Hapiti pale kila siku na gunia mgongoni. Hilo ndilo nililoliomba, Gyalzen. Nilikuombea uzee.

Urken ana mikono yake ya kujitetea na mkewe ana yake. Mimi nina wewe tu.

Na shayiri imekwisha.

Mkeo (bado),
Diki


Kambi ya Pili,
7 Mei 1984

Diki,

Mimi mzima, na safari hii neno hilo nimelipima kabla ya kuliandika.

Kuhusu Lhakpa umesema kweli. Nami nina habari. Juzi tulikuwa tunapanda kwenye poromoko, mimi mbele, Urken nyuma yangu kwenye kamba moja. Ngazi ya kuvukia nyufa niliyokuwa juu yake ilihama, nikaenda nayo. Nilining'inia kwenye ufa, gizani, na mzigo wangu wote, nikasikia kamba imekaza. Alikuwa amejitupa chini kwenye theluji, amechimba shoka, amenishika. Alinishika mpaka wengine wakafika. Viganja vyake vimechubuka kupitia glavu.

Huyo ndiye mtu niliyechukua nafasi yake. Nilipotolewa nilianza kukagua kamba za viatu. Akaniambia, "Angalia unapokanyaga, Mheshimiwa. Mgeni anakutegemea." Kisha akanipa chai yake.

Sikuombi tena kitu. Nikiamriwa nitapanda, na nitashika kamba alizofunga. Nilitaka tu ujue ni nani aliyekurudishia mume.

Ningependa sana kupata barua yako, hata ya matusi.

Mumeo,
Gyalzen


Kambi ya Chini,
13 Mei 1984

Mume wangu, roho yangu,

Usishtuke kuona nimeandika Kambi ya Chini. Ndipo nilipo. Mguu mmoja una lengelenge, kichwa kinagonga kama ngoma ya monasteri, lakini niko.

Barua yako nilimsomea mama mkwe, maana aliuona uso wangu kabla sijauficha. Alikwenda ghalani akarudi na shayiri yake ya mbegu, akaiweka miguuni mwangu. Tukapika pamoja. Sikupita kwa Mama Kinzom, kwani siku zilikuwa zinakwisha na yule mgeni angepanda. Nikafuatana na wapagazi wa viazi mpaka huku.

Ang Chumbi aliponiona na chupa, siagi mdomoni, alisimama akataka kukimbilia chooni. Wapishi wakamzuia. "Binti, pombe yako itanifukuzisha kazi," akasema. Nikamimina. Akanywa, uso umekunjamana kama anakunywa dawa. Akaniuliza ninataka nini safari hii, ampeleke mama mkwe wangu kileleni? Nikamwambia arudishe ilivyokuwa. Urken aende.

"Mumeo atasemaje?"

"Ndiye aliyetaka."

"Na wewe?"

Mpenzi, kwanza nilimjazia tena kikombe. Kisha nikasema, "Mimi nataka arudi. Nimeona kwamba wanaomrudisha ni akina Urken."

Akachukua redio. Najua ulisikia, kwa sababu nilikusikia ukisema "sawa, msimamizi," na nikamwomba mpishi kisu nimenye viazi ili watu wasione uso wangu. Ile sauti. Sijui wanawake wengine wanaishije bila hiyo sauti.

Sirudi nyumbani. Nasubiri hapa.

Mkeo (kabisa),
Diki


Kambi ya Pili,
18 Mei 1984

Mke wangu, Diki wangu,

Sisi sote wazima. Nimeanza na hilo ili uendelee kusoma umekaa.

Urken na mgeni walifika kileleni. Waliporudi upepo ukawashukia, na mgeni akaanza kukaa chini kila mara kama mtu aliyefika kwake. Redioni nilimsikia Urken akisema hawezi kumvuta peke yake. Nikajifunga, nikachukua mtungi wa oksijeni na chupa ya chai, nikapanda kuwafuata kutoka kambi ya mwisho. Niliwakuta mahali ambapo kilele kinaonekana karibu sana, mbingu nyeusi nyuma yake. Nguvu nilikuwa nazo. Nilikitazama kama mtu anavyomtazama msichana aliyempenda zamani: mzuri, lakini nina mke. Tukamweka mgeni katikati, tukashuka watatu kwenye kamba moja.

Macho ya Urken yameungua kwa mwanga wa theluji. Haoni, anatembea ameshika begi langu, na kazi yake ni kunikosoa hatua. Kesho tunapumzika, keshokutwa tunashuka kupitia poromoko.

Jambo moja. Baada ya mvua Urken atasimamia msafara mdogo kwenye mlima mfupi, usio na poromoko la barafu. Anataka niwe msaidizi wake. Nimemjibu nitamuuliza mke wangu. Akasema, "Muulize. Ila mwambie asinijie na chupa, nimeshakubali nikiwa na akili zangu."

Unasemaje?

Mumeo, anayekuja,
Gyalzen


Kambi ya Chini,
19 Mei 1984

Mume wangu,

Mafundi wa ngazi wanapanda alfajiri hii, nawapa barua.

Nasema ndiyo. Mwambie Urken nimesema ndiyo, na kwamba nikimwona nitamshika viganja vyote viwili, avumilie. Mwambie pia mpishi ana majani ya chai ya kumkanda macho.

Nimetandika kwenye hema la mwisho, karibu na jiwe kubwa, upande usio na upepo. Ni dogo sana hilo hema. Sijawahi kuona hema zuri kama hilo.

Kesho mkifika kwenye poromoko msiongee, msisimame kupiga picha, mjifunge wote kwenye kamba moja, na wewe usifikirie chochote, hata mimi.

Barua hii usiijibu. Shuka.

Mkeo,
Diki