Kimutai Aliyekwenda Burma

Jumatatu, 3 Machi 1986

Nimelisha kuku. Nusu ya mahindi nimeyamwaga kwenye ndoo ya maji. Mke wangu alicheka, halafu akanyamaza. Afadhali angeendelea kucheka.

Jicho la kulia limefunga kabisa. La kushoto linaona ukungu. Naandika herufi kubwa na mistari inapandana. Sijali, hakuna wa kuisoma.

Hospitali ya jeshi kule Nairobi wanatoa mtoto wa jicho kwa askari wazee. Mimi wamenirudisha. Cheti cha kuachishwa jeshi kinasema Kimutai Chumo. Kitambulisho kinasema Kiplagat Chumo. Mtu wa mapokezi akaniambia, "Mzee, mwambie huyo Kimutai aje mwenyewe."

Kimutai ni kaka yangu. Yuko hai, analima viazi Burnt Forest. Hajawahi kushika bunduki.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeenda ofisi ya D.C., mkuu wa wilaya. Karani ni kijana mpole. Amesema nile kiapo kwa hakimu, halafu mwenye jina aje hapa aseme kwa kinywa chake kwamba hakuwa askari. Barua itaenda Nairobi na cheti kitabadilishwa. Akasema ni kitu kidogo tu, Mzee. Kidogo kwake.

Nikamweleza ilivyokuwa. Chifu wa wakati wa Mwingereza alimwandika Kimutai aende vitani. Lori lilipokuja, Kimutai alikuwa jandoni, amefichwa msituni. Kwetu Wanandi aliye jandoni haonyeshwi kwa watu, hata mama yake hamwoni. Hakuna serikali ya kumtoa. Na chifu alitaka kichwa ndani ya lori. Baba akanisukuma mimi, mrefu lakini bado mvulana, nikaenda kwa jina la kaka. Nilipofika Burma nilikuwa nimeshazoea kuliitikia.

Karani alicheka mpaka akafuta machozi. Nami nikacheka. Sikumwambia lililobaki.

Jumapili, 9 Machi

Lililobaki ni hili. Huko nyumbani askari ni Kimutai.

Barua za jeshi zilikuja kwa jina lake. Vita vilipokwisha nilibaki hapa mjini kuendesha lori za tajiri mmoja, Hajji. Yeye akabaki shambani na jina, na watu wakafuata jina. Wakamwita Afande. Kwenye baraza la chifu anapewa kiti mbele wakati wenzake wameketi kwenye nyasi. Mwanzoni tulicheka pamoja kwenye pombe. Halafu akaanza kunisimulia Burma, mimi! Mvua, ruba miguuni, rafiki yangu aliyechukuliwa na mto. Alilia akisimulia, na machozi yalikuwa ya kweli. Nikamwachia. Mama alipopooza mimi nilikuwa barabarani. Aliyembeba kumtoa nje aote jua ni yeye.

Leo nimeenda kwake. Tumekaa nyuma ya zizi, mbali na wake na wajukuu. Nikamwomba. Chai yake ikapoa mkononi.

Akasema, "Nitakuja. Lakini tuambie serikali peke yake, Kiplagat. Watu wasisikie."

Nikamwahidi.

Jumanne, 18 Machi

Nimefanya ubaya.

Kimutai alikuja mapema, amenyoa, amevaa koti langu la jeshi nililompa zamani. Koti hilo lilinikera tangu mlangoni. Ofisi ilijaa. Kwenye benchi walikuwepo majirani zake wawili wa Burnt Forest, wamefuata mambo ya shamba. Mmoja akasimama akapiga saluti, akamwambia karani, "Huyu ni Afande wetu, alipigana Burma." Karani hakuwa na akili ya kutupeleka chumba cha nyuma. Akamwuliza palepale, mbele ya wote: "Mzee, wewe ulikuwa jeshi ama hukuwa?"

Kaka yangu aliwatazama majirani. Akanitazama mimi. Akasema alikuwa.

Nilipaswa kumshika mkono tutoke nje. Angekuja siku nyingine, tungeingia wawili tu. Najua hivyo sasa. Pale nilisikia damu kichwani. Niliona nitakufa kipofu kwa sababu ya kiti chake cha baraza. Nikasimama nikapiga kelele, sauti ya sajini wetu, sijui ilitoka wapi:

"Mguu sawa! Nyuma geuka!"

Askari hageuki kwa kufikiri. Mwili unageuka wenyewe. Kimutai alifikiri. Akageuza mguu wa kulia, akarudisha, akageuka na mwili mzima kama ng'ombe kwenye josho, akayumba na kushika meza ya karani. Wino ukamwagika. Benchi zima likacheka. Na yule wa saluti akacheka, kuliko wote.

Mimi nikageuka. Moja, mbili, kisigino kikalia kwenye saruji. Nilitaka waone. Mzee mzima, kipofu nusu, najionyesha.

Kimutai akaufuta wino kwa kiganja. Akasema taratibu, "Sikuwa jeshi. Ni huyu." Akatia kidole gumba kwenye karatasi. Akatoka bila kuniaga.

Nimepata nilichotaka.

Jumatano, 19 Machi

Mke wangu ameuliza kilichotokea. Nimemwambia mambo yamekwenda vizuri.

Jumapili, 30 Machi

Pasaka. Sikwenda kanisani, nimesingizia jicho.

Binti wa Kimutai amepita na viazi. Vimetumwa na baba yake, gunia zima, kama kila mwaka. Ningefurahi kama angetuma matusi. Amemwambia mke wangu jikoni, nami nasikia: kwenye baraza la juzi baba yake alifika, akakiona kile kiti kimewekwa, akapita akaketi kwenye nyasi. Hakuna aliyemfukuza. Hakuna aliyemwita arudi. Watoto wa huko wamepata mchezo mpya, mmoja anaamuru geuka na mwingine anaanguka.

Sijagusa viazi. Mke wangu amevipika, nimesema nimeshiba.

Jumapili, 20 Aprili

Nilipanga kwenda Burnt Forest kuomba msamaha. Nimefika stendi, nikasimama, nikarudi nyumbani Langas. Burma sikukimbia. Leo nimekimbia.

Alhamisi, 12 Juni

Cheti kimekuja. Kiplagat Chumo. Karani amenisomea mara mbili kwa furaha, akanipongeza, akasema sasa Mzee ni wewe kamili. Nikamshukuru. Njiani nilitamani kukitupa kwenye mto Sosiani. Sikukitupa. Nayataka macho yangu. Hiyo ndiyo tabia yangu, nimeijua uzeeni.

Jumatatu, 23 Juni

Naenda Nairobi leo. Mke wangu mgonjwa wa miguu, hawezi safari. Nilisema nitakwenda peke yangu, nitaulizauliza njia.

Kumekucha, mtu anabisha. Kimutai. Alilala kwa mtu hapa Langas ili asichelewe. Nikaanza kusema yale niliyoyapanga miezi yote, yakanikwama. Akasema basi litatuacha. Nikamwambia haimpasi kunipeleka yeye, baada ya yale.

Akasema, "Wewe ni mdogo wangu. Nani mwingine akushike mkono?"

Jumamosi, 28 Juni. Hospitali

Wametoa bandeji. Jicho moja kwanza, la pili baadaye. Naona ukuta, dirisha, naona mistari ya karatasi hii.

Kimutai alikuwa ameketi kando ya kitanda. Sikuwa nimeuona uso wake vizuri kwa miaka. Amezeeka sana. Mashavu yameingia, mdomo unamtetemeka kidogo akiwa kimya. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, akidhani bado simwoni.

Akauliza kama naona.

Nikasema bado.

Akanishika mkono, tukaenda msalani polepole. Akawa ananiambia hapa kuna ngazi, hapa kuna mlango, inama kidogo. Nikainama.