Matundu ya Genge la Nyangwe

Jumatatu, 5 Julai 1954

Mto Lualaba umepungua, genge lote la ukingoni liko wazi. Bwana Mijusi — ndivyo tunavyomwita yule Mbelgiji anayekusanya wanyama wa makumbusho ya kwao — kanipa kazi. Namna yenyewe rahisi: ziba matundu yote kwa udongo, acha moja, fukiza moshi. Mijusi wanatoka wenyewe! Popo pia.

Mama Hawa, mkwe wangu, kasikia. Kaja mbio. "Muke iko na mimba, baba, usizibe tundu hata ya panya. Utafunga njia ya mutoto." Nikasema ndiyo, mama. Moyoni nikacheka. Mimi mtoto wa mjini Kasongo, niogope udongo?

Alhamisi, 8 Julai

Kenge! Mkubwa, mkali. Nilining'inia kwa kamba, nikaziba kila ufa mpaka akakosa pa kukimbilia. Bwana alipiga makofi — très bien, très bien!

Nyumbani mke wangu Subira alitazama udongo kwenye kucha zangu. Nikasema nimefyatua matofali.

Jumapili, 11 Julai

Uchungu tangu alfajiri. Mtoto hashuki.

Asubuhi Bwana Mijusi alirudi Kasongo na gari lake. Masanduku nilipakia mwenyewe. Nafasi ya kumlaza Subira ilikuwepo, na hospitali iko hukohuko! Nikadhani bado mapema. Mjinga mimi.

Adhuhuri Mama Hawa akatoka nje. "Baba, hakuna kitu ulifunga? Sema tu, tutafungua. Hakuna mutu atakasirika." Mlango wazi, Subira anasikia. Nikasema hapana, mama. Ulimi hauna mfupa. Mle ndani Subira akaacha hata kulia. Ningetoa dunia nzima nilirudishe neno lile.

Jioni, gengeni

Nimetoroka. Nafungua matundu. Udongo umekauka kama tofali, vidole vinatoka damu. Siamini mambo haya — au naamini? Sijui, nafungua tu. Lile la kenge silifikii. Kamba imekwenda na gari.

Feza, mdogo wake Subira, amesimama juu ananiita. Mto unanguruma, maneno hayafiki. Nikipanda nitajua.

Nimempungia mkono: bado nina kazi. Kazi gani? Nachokora tundu ambalo limeshafunguka.