Zulia Lililonizuia Harusini

Njoro,
6 Oktoba 1957

Mdogo wangu mpendwa Jelagat,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu dada yako. Natumaini wewe na shemeji Kipsang mko wazima katika nyumba yenu mpya, na kwamba goti la Mama halimsumbui sana siku hizi. Mimi ni mzima wa mwili, ila roho imechoka. Barua yako niliipata Ijumaa, nikaisoma mara tatu nikiwa nimesimama.

Unaniuliza ni zulia gani hilo la kumzuia mtu kufika harusi ya ndugu yake. Ngoja nikueleze, maana hata mimi limenimaliza.

Ni zulia la sufu, futi kumi na mbili kwa kumi na tano, la sebule ya mzungu mmoja wa Molo. Memsabu Pelling, mwenye karakana hii, alitoa mchoro katika kitabu cha mazulia ya Waajemi wa kale: bustani yenye miti myembamba, na swala wanakimbia pembeni kote. Kila fundo tulilifunga kwa vidole. Mimi nilikaa kushoto, mwenzangu Obura kulia, na siku nzima kazi ilipanda upana wa vidole viwili tu.

Na mafundo ni afadhali kuliko memsabu mwenyewe. Rangi nyekundu tuliichemsha mara nne. Alisema yetu ni nyekundu ya nyanya, yeye anataka ya komamanga. Obura akamuuliza komamanga ni nini. Akajibu ni tunda, lakini hata yeye hajaliona tangu aje Njoro. Sasa sisi tungelijuaje? Mwezi wa Juni akapita na rula, akasema mti mmoja umenenepa, tukafumua kazi ya siku tisa. Julai akasema majani yametazama upande mbaya, tukafumua tena. Obura alitupa mkasi chini akaapa kurudi kwao Alego kulima mtama. Hakurudi, ana watoto shuleni.

Kwa hiyo nilipotuma habari na dereva wa lori kwamba memsabu amenikatalia ruhusa, nyote mliamini. Nani asingeamini?

Lakini sasa unaniandikia kwamba Baba amekasirika, na kwamba Alhamisi atapanda basi kwenda kumshtaki memsabu kwa afisa wa serikali, Bwana D.O. Jelagat, mzuie. Memsabu hakuninyima ruhusa. Alinipa siku nne, na blanketi la kukuletea wewe bibi harusi, ambalo mpaka leo liko chini ya kitanda changu.

Ilikuwa hivi. Siku mbili kabla ya harusi, mzigo nimeshafunga, niliingia karakana kuchukua shali yangu. Nikaliangalia zulia. Swala mmoja wa upande wangu alikuwa na mguu wa nyuma uliopinda; nilikuwa nimeruka mstari. Nikamwita memsabu, nikijua atapiga kelele. Akainama, akatazama, akasema, "Cheptanui, hakuna mtu atakayeuona. Nenda harusini."

Obura naye akasema, "Dada, wewe nenda. Basi halitamngoja swala."

Nilifika mpaka mlangoni. Nikarudi. Nikakaa nikafumua mistari arobaini na miwili kwa mikono yangu mwenyewe, na saa ile ulipovishwa pete mimi nilikuwa nafunga mguu wa mnyama wa sufu.

Na la kuudhi zaidi, tulipolipeleka Molo wiki iliyopita, yule bwana aliweka meza kubwa palepale juu ya swala wangu. Mbwa wake wakalala kwenye miti.

Sina la kujitetea. Nilimsingizia memsabu kwa sababu yeye ni rahisi kulaumiwa, na niliona aibu kusema kwamba nilijua mnaningoja na bado sikuweza kuinuka kwenye ile kazi.

Barua hii anaileta dereva yuleyule, ikufikie Jumanne. Mimi mwenyewe nitafika Jumamosi na blanketi lako. Unitukane kwanza, ndipo unipe chai.

Msalimie shemeji na wote wa kanisani. Uwasomee Baba na Mama barua hii. Pale pa rangi na rula unaweza kuruka wasichoke. Pale nilipofika mlangoni nikarudi, usiruke hata neno.

Ni mimi dada yako,
Cheptanui