Mwanga Uliozidishwa

Dada yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu za dhati. Natumaini goti limepoa na watoto hawakusumbui sana. Mimi mwili ni mzima. Roho ndiyo inayonichefua.

Nakuandikia kuhusu kilichomfukuzisha mumeo kazi. Najua mtaani wanasema shemeji aliunga nyuzi za mkongo wa mawasiliano ovyo, hata hospitali ikakatikiwa mtandao katikati ya upasuaji, daktari bingwa akiwaelekeza kutoka mbali, mgonjwa akaponea chupuchupu. Najua nawe umemsema mpaka siku hizi anakula kimya.

Dada, viungo alivyounga vilikuwa safi. Ndani ya uzi mmoja wa kioo tunapitisha rangi nyingi za mwanga, kila rangi na ujumbe wake. Meneja wetu kazini alitaka kubananisha wateja zaidi kwenye njia ileile, akaagiza nguvu ya mwanga ipandishwe. Shemeji alimwambia wazi kwamba kioo kina kiasi chake. Mwanga ukizidi, rangi zinaingiliana na kuharibiana zenyewe kwa zenyewe, na kadiri unavyoongeza ndivyo unavyoharibu. Meneja, huku akichokonoa meno kwa kifuniko cha kalamu, alisema ukitaka kusikika, paza sauti. Ofisi nzima ikacheka. Nami nilicheka. Nikikikumbuka kicheko kile naona kinyaa.

Siku ya tatu baada ya nguvu kupandishwa, mawasiliano yakavurugika, ya hospitali yakiwemo. Meneja hakuona haya: nguvu ikashushwa kimyakimya, mambo yakatengemaa, akaamuru ripoti iseme viungo vilikuwa vibovu. Barua ya kufukuzwa alimpa shemeji kwa ncha za vidole, kama anayeshika panya mfu.

Sasa sikia lililobaki, na ukinilaani una haki. Aliyepandisha nguvu ile ni mimi. Aliyeandika ripoti ni mimi, na vipimo vya viungo nilikuwa navyo mkononi, vyote vizuri. Kesho yake nikafanywa msimamizi. Shemeji alikuja kunipa mkono wa hongera. Niliupokea, kisha nikaenda chooni kutapika.

Leo asubuhi nimepeleka vipimo na maelezo yenye sahihi yangu kwa wakurugenzi na kwa hospitali. Meneja ameniambia nimejichimbia kaburi. Nilimjibu kwamba afadhali, nitalala humo peke yangu bila kumsukumia mtu.

Msomee shemeji barua hii yote, usiruke mahali. Wakumbatie watoto. Mlangoni kwenu sitabisha hodi mpaka yeye mwenyewe aniite.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekutia aibu.