Vichangani Si Mchanga

Mabela, nyuma ya msikiti mpya,
Maskati, Oman.
17 Juni 2025

Mpendwa Dada Mwanamize,

"Vichangani ni neno la Kiswahili lenye maana ya pahala pa mchanga laini. Kabla yetu hapakuwa na chochote katika ghuba hii ila kambi ya jeshi na mbuzi."

Ndivyo alivyosema Khalil mbele ya wawekezaji wenzake, na ndivyo ilivyochapwa katika kitabu cha picha wanachopewa wageni wa hoteli yao hapo ghubani. Sentensi mbili, zote mbili za uongo. Wewe umesomesha Kiswahili maisha yako yote, kwa hivyo najua vidole vimeshakuwasha kutafuta kalamu nyekundu.

Nisamehe kwa kutanguliza hasira kabla ya salamu. Assalaam alaykum. Hujambo wewe? Goti linakupa usingizi siku hizi? Binti yako Mahbuba na wanawe hapo Kikwajuni wote wazima? Huku sisi hatujambo, alhamdulillah, ila joto limetufungia ndani, hata paka wa jirani amehamia kwetu kufuata kiyoyozi. Mama anasali, anakula kidogo, anakuulizia kila Ijumaa. Presha yake imepanda tangu Idi, na kilichoipandisha ndicho kilichonikalisha kuandika. Barua hii nampa mkononi binti yangu Shurooq, anayekuja huko wiki hii. Ningekutumia kwa simu, kabla ya magharibi Qurum nzima, anakokaa Khalil, ingekuwa imeshasikia.

Wewe ulibaki Unguja, kwa hivyo hukuyaona ya huku. Wazee wetu waliporudi Oman miaka ya sabini, baba yangu aliandikwa jeshini, akapewa chumba katika kambi iliyokuwa ghubani, mbele kidogo ya Qantab. Askari wengi wa pale walikuwa watu wa kwetu, na wake zao waliishi nao humo humo, wakipika mikate ya ufuta na kuteta kwa Kiswahili mchana kutwa. Hospitali ilikuwa mbali na njia ilikuwa majabali matupu. Watoto waliokufa wangali wachanga walizikwa nyuma ya kambi, chini ya jabali, jiwe kichwani na jiwe miguuni. Wanawake ndio waliopapa jina: Vichangani. Pahala walipo vichanga. Halikuandikwa kwenye ramani yoyote. Lilikuwa jina la mama kumwambia mama mwenzake, "Nnakwenda Vichangani mara moja, nitazamie chungu changu."

Hapo ndipo alipo kaka yangu Murshid, mimba ya kwanza ya mama.

Wiki ile ile aliyozikwa Murshid, Mama Mdogo Shaikha, Mungu amrehemu, alijifungua Khalil, akashikwa na homa, maziwa yakakataa kutoka. Mama akamchukua yule mtoto akamtia kifuani. Ziwa lililomnenepesha Khalil mashavu, Dada, ni ziwa la Murshid. Ndiyo sababu Khalil ni ndugu yangu wa ziwa. Ndiyo sababu anamwita mama yangu "Mama". Na huyo ndiye aliyesimama na suti yake akasema hapakuwa na chochote.

Wapo watakaokwambia kwamba Kawthar anapinga maendeleo. Mwongo mkubwa atakayesema hivyo. Nimesoma ya Subic kule Ufilipino, kambi ya manowari iliyogeuzwa bandari huru, yenye viwanda na mahoteli. Jeshi likiondoka, pasiachwe pawe pa nyoka na seng'enge. Palimwe, pajengwe, vijana wetu wapate kazi. Nimeyaandika hayo gazetini kwa jina langu na sifuti hata nukta. Ninachokataa ni mtu kupewa eneo la kiuchumi akadhani amepewa na historia yake aifagie.

Maana tazama. Zama za jeshi, penye bunduki na vizuizi, mama alikuwa akienda kila asubuhi ya Idi. Askari wa mlangoni alikuwa akimwita "ummi", yaani mama yangu, akimfungulia, akimsindikiza mpaka kwenye mawe, kisha akisimama mbali amempa mgongo ili alie kwa faragha yake. Idi hii nikampeleka kama kawaida. Tukakuta geti la vioo na maua, na ndani yake msichana wa Kiganda, Namagembe, mwenye adabu zake.

"Shikamoo mama. Jina lenu silioni kwa kompyuta. Mlifanya buking?"

"Sikuja kulala, mwanangu," mama akamjibu. "Nimekuja kwa mtoto wangu."

"Ah, mtoto wako anafanya kazi hapa! Yuko wapi, jikoni ama kwa vyumba?"

"Yupo kule chini ya jabali. Kazikwa."

Yule msichana akashika mdomo. Akampigia simu meneja, tukaisikia sauti ikimjibu kwamba ufukwe ni wa wageni waliolipia. Akatuletea maji na kiti. "Mama, mimi ningewafungulia saa hii," akasema, "lakini kesho yake niko ndani ya ndege ya Entebbe." Simlaumu. Mama alimwombea dua, akanambia turudi. Njia nzima ameshika chupa ya marashi aliyokuja kuyanyunyiza juu ya mawe, na haikufunguliwa.

Siku ya pili nilikuwa kwa Khalil, Qurum, kwenye sebule yake ya marumaru.

"Karibu, mwandishi wetu! Leo unampiga nani?"

"Wewe. Vichangani maana yake nini?"

"Mchanga, bibi wee. Kiswahili changu cha kuokoteza, lakini mchanga nnaujua."

"Na mtoto mchanga, Khalil? Amejaa kokoto?"

Akacheka. Kisha akaona sicheki. Akaanza kunisomesha dini, kwamba wanawake kuzuru makaburi ni makuruhu. Ghafla kawa shekhe! Mtu aliyemfanya bibi yetu aape kwamba hakumwona akisali Alfajiri tangu abalehe. Nilipomnyamazisha katika hilo, ndipo akasema la moyoni, taratibu, anachezea funguo za gari: "Kawthar, waliokuwa wakilijua neno hilo washakufa wote. Nani atakumbuka?"

"Mama hajafa," nikamwambia, nikaondoka, kahawa yake sikuigusa.

Kwa hivyo alijua, Dada. Nataka ulishike hilo. Hakuteleza ulimi.

Sasa furahi nami kidogo. Alikuwa na hafla ya kupokea wawekezaji kutoka Mombasa na Dar es Salaam, na alishatangaza kwamba jamaa yake mwenye ufasaha atawakaribisha kwa Kiswahili. Hakuthubutu kunifuta, maana kadi zilishachapwa. Nikaenda nimevaa leso ya mama juu ya abaya yangu. Nikashika kipaza sauti nikasema: "Karibuni Vichangani, nanyi mnajua Kiswahili kuliko mwenyeji wenu. Hapa ni makaburi ya watoto wachanga. Mmoja ni kaka yangu. Mwenyeji wenu alilelewa kwa maziwa yake." Mzee mmoja wa Mombasa akaweka kijiko chini akasema, "Inna lillahi!" Akafuata wa pili. Kisha ukumbi mzima ukamgeukia Khalil, naye anafuta jasho mbele ya kiyoyozi. Sikuona haya. Niliila ile hafla kwa macho mpaka nikashiba.

Lakini Khalil hakulala. Aliwaambia wageni kwamba mimi ni mwanamke wa magazeti, natafuta kelele, na kwamba ataleta ushahidi wa mwalimu mkubwa wa Kiswahili kutoka Unguja. Wenzake wakakubali kusimamisha matrekta mpaka ushahidi huo ufike. Ukisema ni mchanga, jabali litasawazishwa na pale penye mawe patawekwa uwanja wa watoto kuchezea. Ukisema ni vichanga, kazi itahama na njia itaachwa wazi.

Mwalimu huyo ni wewe, Dada Mwanamize.

Atakuja. Atakuja na halua, na udi, na picha za utotoni. Atakukumbusha kwamba ndiye aliyekutumia gari la kukupeleka hospitali ulipovunjika goti, na ni kweli alifanya hivyo. Ataiweka simu mezani na atakuomba useme neno moja tu, tena hatasema uongo mtupu, atakuuliza tu kama "mchanga" ni mchanga. Mjanja yule. Ukijibu ndiyo, ameshaondoka nayo.

Mama ananikataza vita hivi. "Sitaki ugomvi," ananambia. "Nnataka kupita tu." Nilimwambia amnyime radhi Khalil, akanitazama kama niliyemtukana. "Ziwa n'shampa. Sasa nimdai?" Mama ana moyo huo. Mimi sikuzaliwa nao, na sina haja ya kuazima. Nataka Khalil aaibike, na nataka aaibikie kwako, maana mbele yako ndipo pekee anapojua bado kuona haya. Maskati ameshaizoea.

Nisalimie Mahbuba na wanawe. Nisalimie zaidi Nouf, bintiye Mahbuba, mwambie mama amemshonea baibui, Shurooq atamletea. Wote wa Kikwajuni wanaotujua wape salamu zetu, nao wamwombee mama. Mwenyezi Mungu akuponye goti, akuhifadhi ulimi wako na mabaya, na akukutanishe na mama hapa duniani kabla ya kule.

Na sasa nawaambia nyinyi watatu, wewe, Mahbuba na Nouf, kwa majina yenu ili asiwepo wa kusema hakuambiwa. Khalil akibisha hodi, msimwandalie chai. Halua yake ibaki mlangoni na viatu vyake. Akiiwasha simu, msimkatalie, mwacheni arekodi. Kisha wewe, Dada, kaa wima kama ulivyokuwa ukikaa mbele ya darasa, usijibu swali lake, ila useme polepole, kila herufi isikike: "Vichanga ni watoto. Aliyelala pale ni Murshid bin Hamdan, na wewe umekunywa maziwa yake. Mfungulie mama yake geti."

Nduguyo akupendaye kwa dhati,

Kawthar binti Hamdan,
mdogo wake Murshid.