Chai Ambayo Baba Mkwe Hanywi

Jumanne, usiku

Kumbe hachukii chai yangu! Tangu niolewe, kila jioni baba mkwe ananirudishia kikombe kimejaa, nikadhani sijui kupika. Leo nimemuuliza.

"Nikikunywa nitaenda choo, mama. Uwanja inateleza. Nikianguka nani ataniinua? We uko mukwe wangu, hauwezi kunishika."

Ni kweli, kwetu mkwe hamgusi mkwe. Anayemshika ni mume wangu, moyo wangu, uzuri wangu wote, naye huvua ziwani hadi asubuhi.

Nikachukua mchi wa kutwangia sombe, majani ya muhogo. "Baba, shika huku, mi nishike huku." Akacheka, akasimama! Tulifika katikati ya uwanja, nikajiona malkia.

Jirani akapaza sauti: "Muangalie! Bibi arusi anakokota muzee sawa mbuzi!"

Baba akauachia mchi. Akarudi ndani kwa magoti, nami nimesimama tu, mikono yangu mizima haina kazi.

Mpenzi wangu atarudi alfajiri, atanikumbatia, nitayeyuka kama kila siku. Na jioni ataondoka tena.

Nimempelekea baba chai nyingine. Ameifunika kwa sahani, hakuonja.