Nilimchora Shangazi Akiwa Hana Kitambaa

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Nimeishiwa watu wa kuwauliza, ndiyo maana nakuandikia wewe, na naomba unisome mpaka mwisho hata kama kazi yangu itakuwa ngeni kwako.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, kazi yangu ni kuchora, lakini sichori kwenye karatasi wala kwa rangi za kopo, nachora kwa kalamu juu ya tableti, na picha zangu naziuza mtandaoni kwa njia inayoitwa NFT, yaani kila picha inafungiwa hati ya umiliki katika daftari la pamoja la mtandaoni, na anayeinunua hati hiyo anajulikana popote kuwa ndiye mwenye picha, hata kama wengine wanaweza kuitazama, na daftari hilo likishaandikwa halifutiki, hiyo ndiyo sifa yake na ndiyo balaa yangu kama utakavyoona. Miaka miwili ya mwanzo sikuuza kitu, majirani waliniona mtu wa kuchezea kioo tu, lakini sikuacha, nilichora kila siku, nikawapata wachoraji wengine wa aina yangu, tukaanzisha kikundi, na leo tuko arobaini na mmoja pamoja na wanunuzi wetu, tunafundishana, tunakosoana bila kuoneana haya, na kila mwenye picha hata moja ya kikundi ana kura yake.

Ninaishi kwa shangazi, dada wa marehemu baba, ambaye alinichukua nikiwa na miaka tisa na hajawahi kunikumbusha kwamba alinichukua. Yeye ni fundi cherehani. Chumba cha mbele ndicho duka lake, kina cherehani mbili, meza ya kukatia, kioo kirefu kilichopasuka kona, na dirisha moja tu lenye mwanga wa maana, na nilipoanza kuchora aliisogeza meza yake kutoka dirishani ili mimi nipate pa kukaa. Nilipokataa aliniambia, "Mikono yangu inaijua kazi hata gizani. Wewe bado unatafuta, kaa penye mwanga."

Sasa, mshauri, shangazi aliwahi kuugua sana zamani, nywele zake za mbele zikaanguka na hazikurudi. Nje ya nyumba yetu hakuna aliyejua. Hodi ikipigwa, kabla hajaitikia, mkono wake umeshafika kwenye kitambaa. Mbele yangu tu ndipo alipokuwa hafungi.

Mchana mmoja wa joto, umeme ukiwa umekatika, alipitiwa na usingizi kwenye cherehani, shavu juu ya gauni la mteja, kitambaa kimeteleza begani, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, na mwanga wa dirisha ukamwangukia pale pale palipo wazi. Nilichora kwa saa tatu bila kunyanyuka. Sijawahi kuchora picha nzuri kama ile, na sisemi hivyo kujisifu. Niliiweka mtandaoni, ikanunuliwa na daktari wa meno wa nchi ya mbali, akaniandikia kwamba mama yake naye alikuwa mshonaji na alikuwa akilala vilevile. Baadaye kikundi kikatafuta picha moja ya kuwa sura yake, tukapiga kura, na watu thelathini na wanne wakaichagua ile. Siku hiyo nilicheza peke yangu katikati ya cherehani, shangazi alikuwa anapiga pasi, akaniuliza, "Umeshinda nini wewe?" Nikamwambia, "Kura, shangazi!" Akasema, "Basi na mimi nifurahi," akaisimamisha pasi, akanishika mikono, tukacheza wote wawili.

Wiki tatu zilizopita alikuja mteja wa kupunguziwa sketi, akatoa simu.

"Fundi, huyu si wewe?"

Shangazi akavaa miwani. "Nani huyu?"

"Si wewe huyu, na kiti chako hiki hiki! Kumbe ndiyo maana hukivui hicho kitambaa. Lakini umetoka vizuri, usijali."

Shangazi alimrudishia simu, akamaliza kumpima kiuno, akaandika vipimo, akamsindikiza hadi mlangoni, kisha akafunga duka saa nne asubuhi.

"Ulinichora lini?"

"Ulipolala, shangazi."

"Wameniona watu wangapi?"

Idadi hiyo, mshauri, hakuna anayeijua.

"Basi ifute."

"Haifutiki, shangazi."

"Kitu umekichora kwa mkono wako, kwenye kioo chako, ndani ya nyumba yangu, halafu hakifutiki?"

Nikaanza kumweleza habari za daftari na hati, akainua mkono. "Mimi nikikosea mshono nafumua. Na wewe nenda ukajifunze kufumua."

Hajanigombeza tena. Anapika, ananiita kula, ananiuliza kama nina homa. Lakini tangu siku hiyo anafunga kitambaa hata tukiwa wawili, hata akitoka kuoga, na amekifunga mpaka kwenye nyusi.

Na baada ya wiki mbili kikundi chetu kina maonyesho yake ya kwanza, katika ukumbi wa maktaba, na picha hiyo ndiyo itakayokaa mlangoni, imechapishwa kubwa kunizidi kimo. Rafiki yangu wa kikundini, tunamwita Mistari, ananiambia, "Mwambie umeshafuta, mzibie ukurasa kwenye simu yake, atajuaje? Mtu mwenyewe simu anaishika kwa mikono miwili!" Wengine wanasema kura imeshapigwa na haiwezi kutenguliwa kwa sababu ya mtu mmoja. Mshauri, kuchora siachi, na kikundi nilichokijenga siko tayari kukiona kinakufa, hilo nimeshaamua. Lakini sitaki kuishi na shangazi aliyejifunga kitambaa mbele yangu. Nimdanganye mpaka maonyesho yapite, au nifanye nini?

Mimi Mchoraji wa Dirishani.

*

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza niliifuata habari, mara ya pili nilitafuta mahali ulipomwomba shangazi yako ruhusa. Sikupaona.

Kura mlizihesabu vizuri. Watu ambao hujawahi kuwapa mkono waliulizwa kama sura ya shangazi yako iwe sura yao, na kila mmoja alijibu kwa nafasi yake. Mwenye sura alikuwa anapiga pasi hatua chache kutoka ulipokaa, wala hakuulizwa. Kisha ukamwacha aisimamishe pasi na kucheza nawe kwa ushindi ambao hukumwambia ni wa nini. Hilo la picha lina maelezo: mchoraji akiona mwanga mzuri husahau mengine. Hilo la kucheza halina maelezo, nawe usiyatafute.

Sasa nikupe haki yako. Umefanya kazi miaka miwili bila mnunuzi na hukuacha. Umewakusanya watu waliokuwa wakichora kila mmoja peke yake, ukawafanya wawe wenzako. Hayo si mambo madogo, na sitakuambia uyaache. Tena nadhani shangazi yako naye hajakuambia uyaache. Soma tena maneno yake. Amekuambia ifute, hakukuambia uondoke dirishani.

Kazi yako siifahamu, kwa hiyo nilimtafuta mtu aliyeifanya kwa miaka kadhaa, nikamuuliza maswali mpaka akachoka. Alichonieleza ni hiki. Maandishi ya daftari hayafutiki, umesema kweli. Lakini mwenye hati akikubali, anaweza kuituma kwenye pochi ya mtandaoni isiyo na ufunguo, ambako hakuna atakayeweza kuitoa wala kuiuza tena. Ninyi mnaita kuichoma. Picha yenyewe unaweza kuiondoa kwenye ukurasa wako na wa kikundi leo hii. Nakala zilizokwisha kuingia katika simu za watu hutazifikia. Kwa hiyo liko unaloweza na liko usiloweza, na kosa lako jingine ni kwamba ulimtajia shangazi lile usiloweza peke yake, ukanyamaza.

Kuhusu Mistari: mwambie kwamba mtu anayeshika simu kwa mikono miwili hataki ianguke, na mtu wa namna hiyo hadanganyiki kirahisi. Mteja mmoja alitosha kuileta picha mlangoni mara ya kwanza. Wa pili ataileta siku ambayo shangazi yako anaamini kwamba imefutwa. Siku hiyo hatafunga duka, binti yangu. Atakufungia moyo, nawe utabaki na ukumbi mzima wa watu wanaokupigia makofi na nyumba isiyo na mtu wa kukuuliza umeshinda nini.

Fanya hivi. Leo, si kesho, iache tableti chumbani, nenda ukakae karibu na cherehani yake, kwenye kiti kilicho chini kuliko chake. Sema, "Nilikosa, shangazi. Nilipaswa kukuuliza na sikukuuliza. Tena nilikuacha ucheze." Ishia hapo. Usiongeze "lakini picha ni nzuri," maana uzuri wake haumfuniki. Usimweleze daftari mpaka aulize. Akinyamaza, nawe nyamaza, umpe uzi umtungie sindano.

Baada ya hapo waandikie wanakikundi. Usiwaombe kura. Waarifu kwamba picha hiyo haitakaa mlangoni wala haitakuwa sura ya kikundi, kwa kuwa uliwapa kitu ambacho hakikuwa chako kukitoa, na kura yao haikugeuza jambo hilo. Watakaonung'unika waache wanung'unike. Umesema mnakosoana bila kuoneana haya, basi wakukosoe. Ikiwa kikundi cha watu arobaini na mmoja kitavunjika kwa kukosa picha moja, kilikuwa foleni tu, na foleni huvunjika hata mvua ikinyesha. Mimi sidhani kitavunjika. Mlangoni weka kazi nyingine. Una wiki mbili, na ile uliichora kwa saa tatu, kwa hiyo udhuru wa muda sitaupokea.

Kisha mwandikie huyo daktari wa meno. Mweleze yote, hata lile linalokuaibisha, na umwahidi picha nyingine ya mkono wako ikiwa atakubali kuichoma hati hii. Amekwisha kukutajia mama yake. Muulize kama mama huyo angependa kuonekana amelala. Akikubali, mwambie shangazi. Akikataa, mwambie shangazi vilevile, siku hiyohiyo, kwa maneno yaleyale aliyoyatumia.

Huenda shangazi akaomba kuiona picha nzima, kwa kuwa ameiona mara moja tu katika simu ya mtu. Mwonyeshe, na usimsemeshe anapoitazama. Akisema ibaki, usirukeruke. Mwache alifikirie jambo hilo, umuulize tena siku nyingine. Akisema isibaki, basi haibaki, na hilo halina rufaa.

Unaogopa kwamba hutaweza kufuta yote na kwa hiyo hatakusamehe. Hapo humjui fundi uliyekaa naye miaka kumi na minane. Hakukuambia ulete kitambaa ambacho hakijawahi kushonwa. Alikuambia ufumue. Kila fundi anajua kwamba mshono ukifumuliwa matundu ya sindano hubaki, na yeye amefumua mishono mingi kuliko picha zako zote. Anachotaka ni kukuona umeketi na wembe, unatoa uzi mmoja baada ya mwingine, bila kuchana nguo na bila kulalamika kwamba kazi ni ndefu.

Endelea kuchora. Kijenge kikundi chako, na sheria ya kwanza mtakayoandika iwe kwamba mwenye sura huulizwa kabla ya mwenye kura. Usimsihi shangazi avue kitambaa, wala usimtazametazame kuona kama ameanza kukilegeza. Ipo siku, joto likizidi na umeme ukikatika, atakivua mwenyewe bila kukuwaza, akiwa ameegemea cherehani. Mwanga utakuwa mzuri na mkono utakuwasha. Iweke kalamu mezani, binti yangu, uchukue kipande cha karatasi ya kukatia nguo, umpepee.